Vigae vya Busunzu

Sura ya Saba

Isihaka hakushtuka alipowaona polisi mlangoni mwa duka lake. Aliwatoa wateja wawili kwa upole, akageuza kibao cha mlangoni kisomeke kwamba amefunga, kisha akavuta kiti.

"Asalaam aleikum, dada. Nilijua mtafika. Nilidhani mngefika wiki iliyopita."

Mkaguzi Msaidizi Nasma Lukmani aliitikia salamu lakini hakukaa. Alikuwa ametoka Kibondo alfajiri pamoja na Konstebo Japhet, dereva wake, na saa tatu hii ya asubuhi walikuwa katikati ya mji wa Kasulu, ndani ya duka lililojaa vigoda, ngoma, mikuki na vikapu. Vitu vingi vilionekana vya kale. Harufu ya rangi ya viatu ilisema vingine.

"Pasikali, mlinzi wa shule kule Busunzu, alikupigia simu mara sita ndani ya siku nne," Nasma alisema. "Alikuwa anakuuzia nini?"

"Hakuwa anauza."

"Alikuwa anafanya nini?"

"Alitaka nimzeeshee kitu," Isihaka alisema. "Ndiyo kazi yangu, sifichi. Mtu ananiletea kigoda cha juzi, mimi nakipa miaka mia. Majani ya chai, masizi, udongo wa kichuguu. Mgeni anafurahi. Sijawahi kumwapia mtu kwamba ni cha kale kweli."

Nasma alitoa daftari lake. Kwa siku tisa alikuwa ameijenga kesi hii juu ya zile simu sita. Mwezi wa sita, shule moja ya Busunzu ilichimba shimo la choo, na majembe yakagonga sakafu ya udongo uliochomwa. Mwalimu wa historia, Evaristi, alisimamisha kazi. Ndani ya shimo alikuta vigae vya vyungu vyenye mistari na kichwa cha mtu cha udongo mwekundu, kikubwa kama cha mtoto wa miaka mitano. Alipiga picha, akaandika barua Dar es Salaam kwa watu wa mambo ya kale, akatia kila kitu kwenye kiroba na kukifungia stoo. Kisha shule ikafunga, naye akaenda likizo Bukoba. Aliporudi baada ya wiki nne, kiroba hakikuwepo na kufuli lilikuwa zima.

Ufunguo ulikuwa kwa Pasikali. Nasma mwenyewe ndiye aliyemtia pingu. Kwenye daftari lake aliorodhesha vyote vilivyobaki stoo: madawati mabovu, madumu, nyaya, kiroba cha vyungu vya jikoni vilivyovunjika. Tangu hapo Pasikali hakusema lolote ila jina lake. Kesho asubuhi angesomewa mashtaka.

"Hicho kitu kiko wapi?"

Isihaka aliingia chumba cha nyuma, akarudi na beseni lililojaa udongo mbichi. Alifukua kwa vidole, akakitoa kichwa, akakiweka mezani.

Japhet alinong'ona, "Ndicho chenyewe, afande."

Kilikuwa na macho yaliyofumbwa nusu, paji pana, na mistari mitatu chini ya kila jicho. Nasma alifungua picha za mwalimu Evaristi kwenye simu, akazilinganisha. Uso ulikuwa uleule. Kisha alikigeuza. Picha ya nne ilionyesha kisogo cha kile cha shimoni: kilikuwa bapa, chenye mifereji iliyosimama sambamba, kana kwamba kiligandishwa kwenye matete udongo ukiwa laini. Kisogo alichokishika kilikuwa mviringo, laini, kimepigwa msasa kwa kiganja.

"Aliyekifinyanga aliiona picha ya mbele tu," alisema. "Hiki ni kipya."

"Ndivyo ninavyokwambia," Isihaka alisema. "Alikileta Pasikali, kimechomwa siku hiyohiyo. Alisema nikizeeshe haraka, mwenyewe, yule mwalimu, anarudi kutoka likizo. Nilimuuliza kile cha kwanza kiko wapi, akalia."

Shingoni palikuwa pamemeguka kidogo. Nasma aliwasha tochi ya simu, akapiga picha pale palipomeguka, akaikuza. Ndani ya udongo wa kahawia mlikuwa na chembechembe nyekundu, ndogo kama punje za mtama, zilizotapakaa kila mahali. Moja ilikuwa kubwa zaidi. Juu yake ilikuwa na mistari minne iliyochorwa kwa kitu chenye meno.

Alitazama picha ya vigae. Mistari ilikuwa ileile.

Alikaa kwenye kiti alichopewa.

*

Daktari Winnie wa mambo ya kale alikuwa amefika Kasulu jana yake kwa basi, na masanduku matatu yenye sponji ndani. Walimkuta kwenye ua wa nyumba ya wageni akinywa uji. Alikuwa mwanamke mrefu wa miaka hamsini hivi, na alipoona kifurushi mkononi mwa Nasma aliacha kikombe na kufuta mikono mara mbili.

"Siyo chenyewe," Nasma alimwahi. "Nakuomba uangalie hapo shingoni tu."

Winnie alitoa lenzi yake ya mkononi. Aliangalia kwa muda mrefu, akageuza, akaangalia tena. Alipoinua uso hakuwa na furaha.

"Nani amekifinyanga hiki?"

"Sijajua bado. Kwa nini?"

"Wafinyanzi wanaponda vigae na kuvichanganya na udongo mpya, ili chungu kisipasuke kwenye moto. Wengi bara hili wanafanya hivyo. Hizi chembe ni vigae vilivyopondwa." Alishusha lenzi. "Ni vya kale. Mchoro huu ni wa watu waliokuwa wakiyeyusha chuma huku karibu miaka elfu mbili iliyopita."

"Unaweza kuniandikia hivyo leo? Kesho nina mahakama."

"Naweza kukuandikia kwamba nadhani. Uthibitisho unatoka maabara, na maabara ni miezi."

Japhet alikuwa amesimama kando, kofia mkononi. Aliuliza kile kichwa kilikuwa cha nini hasa, kama kilikuwa cha kuabudiwa.

Winnie alichukua simu ya Nasma na kuonyesha picha ya kisogo. "Kilikuwa cha nyumba. Haya ni matete. Walisimamisha nguzo kwa duara, wakafunga matete, wakakandika udongo, na hapa mlangoni wakauweka uso. Ule udongo ulikuwa sehemu ya ukuta. Nyumba ikaungua, na moto ndio uliouhifadhi. Hatuna nyingine kama hiyo. Vichwa tunavyo kutoka mbali, tena vimeokotwa ovyo, hatujui vilikaa wapi. Hiki tungejua kilikuwa ukuta gani, kinaangalia upande gani, nani akipita chini yake." Alirudisha simu. "Twendeni kwa huyo mfinyanzi. Kama ameponda vigae tu na kichwa kipo, bado hatujachelewa."

Nasma alimpigia mwalimu Evaristi na kumuuliza nani anafinyanga vyungu karibu na shule. Mwalimu hakufikiri hata kidogo. Alikuwepo mmoja tu, Bibi Josephina. Binti yake, Yusta, ameolewa na Pasikali.

*

Walifika Busunzu saa nane mchana. Bibi Josephina alikuwa amekaa kwenye kivuli cha nyumba, miguu ameinyoosha, anapandisha ukuta wa chungu kwa kuzungushia misokoto ya udongo. Alikuwa mdogo wa mwili na mkono wake haukusimama hata walipomsalimu. Yusta alitoka jikoni, akaona sare ya Japhet, akabaki mlangoni.

Kisheria Nasma alipaswa kuamua kabla ya swali la kwanza. Akimwonya kwamba maneno yake yanaweza kutumika dhidi yake, bibi angekuwa mtuhumiwa. Asipomwonya, angekuwa shahidi. Hakumwonya.

"Mwulize kama mwezi uliopita alichukua vigae shuleni."

Japhet aliuliza kwa Kiha. Bibi alijibu huku akilainisha ukingo kwa kipande cha kibuyu.

"Anasema ndiyo. Kila mwaka shule ikifunga anakwenda kuchukua vyungu vilivyovunjika vya jikoni. Pasikali alimfungulia, akamwambia kiroba kiko kwenye kona. Anasema safari hii vilikuwa vizuri kuliko vya miaka yote."

Nasma alifunga macho kidogo. Kiroba cha vyungu vya jikoni alikiona mwenyewe stoo siku ya kwanza, akakiandika kwenye daftari, akaendelea na kazi. Kilikuwa hapo kwa sababu bibi alichukua kile kingine.

"Alivifanya nini?"

Bibi aliacha chungu. Aliangalia wageni wake mmoja mmoja, akaona hawajui kitu, akaamua kuwaeleza kwa Kiswahili chake mwenyewe, polepole.

"Ibumba, huu udongo wa kufinyangia, peke yake halina nguvu. Ukilitia motoni linapasuka. Lazima ulitie la zamani, lililokwisha kuonja moto. Unaponda, unachekecha, unachanganya. Mama yangu alifanya hivyo, na mama yake. Haya ya shule yalikuwa mazuri sana. Nimechoma vyungu ishirini na kitu, hakuna hata kimoja kilichopasuka."

Winnie alichuchumaa mbele yake. "Bibi, kulikuwa na kichwa. Chenye macho."

"Kilikuwepo."

"Kiko wapi?"

Bibi alinyoosha mkono kuonyesha jiwe la kusagia.

Kuku alipita kwenye jiwe lile na Yusta akamfukuza.

"Niliona ana macho," bibi aliendelea. "Sikumponda tu hivihivi. Nilimwambia, wewe umekaa sana peke yako huko chini, njoo ukae na watu. Ndipo nikampiga." Alimgeukia Winnie, kwa kuwa aliona uso wake umebadilika. "Alikuwa wako?"

"Hapana," Winnie alisema. "Hakuwa wangu."

"Mkwe wangu naye aliniuliza. Akaniletea picha, akasema mwalimu anataka mwingine. Nikamfinyangia. Kama na wewe unataka, nitakufinyangia. Siku kumi na mbili, kwa sababu ya kukausha."

"Hivyo vyungu viko wapi?" Nasma aliuliza.

"Vimekwisha. Vingine watu wa hapa. Vingi alivipeleka Yusta Kabanga. Pale hospitali ndugu za wagonjwa hawana vyombo, wanapikia hivyo."

Nasma alimtazama Winnie. "Tunaweza kuvitafuta."

"Tukivipata vyote ishirini, tutakuwa na vyungu ishirini," Winnie alisema.

Bibi aliinuka kwa shida, akaingia ndani, akatoka na kopo. Mlikuwa na unga mwekundu uliobaki, wa kujaza viganja viwili. Alimwekea Winnie kopo mikononi. Winnie alipiga magoti pale chini, akalishika kama alivyopewa, na Nasma aliona kwamba hajui alishushe wapi.

Walipokuwa wanaaga, bibi alimuuliza Japhet jambo kwa Kiha. Japhet alimgeukia Nasma.

"Anauliza kama sisi tumetoka Kigoma," alisema. "Kama tumemwona Pasikali huko. Anasema amepata kazi Kigoma, hajapiga simu siku nyingi."

Yusta alikuwa bado mlangoni. Alimtazama Nasma moja kwa moja, akatikisa kichwa, mara moja tu.

"Mwambie hatujatoka Kigoma," Nasma alisema.

*

Saa kumi na moja jioni, Kibondo, walimtoa Pasikali mahabusu wakamleta kwenye chumba cha mahojiano. Alikuwa amekonda. Nasma aliweka daftari mezani, hakulifungua.

"Nimetoka kwa mkweo."

Kwa mara ya kwanza katika siku tisa, Pasikali aliongea kabla ya kuulizwa. "Umemwambia?"

"Hapana."

"Yuko hapa?"

"Yuko kwake. Anafinyanga."

Alipumua, akashika meza kwa mikono miwili. Kisha akasema yote, bila kuhimizwa. Alimwonyesha bibi kona, hakukumbuka kwamba viroba ni viwili. Hakujua kitu mpaka mwalimu alipomtumia ujumbe kwamba mtaalamu anakuja. Alikwenda stoo, akafungua kiroba, akakuta vigae vya vyungu vya jikoni vyenye masizi. Alikimbia mpaka kwa mkwewe. Alikuta vyungu vimekwisha kuuzwa.

"Nikaona nitafute kichwa kingine nikirudishe. Ujinga. Lakini ningefanya nini?"

"Ungesema."

"Niseme nini, afande? Mkuu wa wilaya ametangaza redioni kwamba ni mali ya taifa, aliyeigusa hatabaki salama. Niseme aliyeiponda ni mama mkwe wangu wa miaka themanini?"

"Hakuiba. Hakujua. Sheria inaangalia nia."

"Itaangalia baada ya kumleta hapa." Alionyesha mlango aliotokea. "Atalala pale sakafuni siku ngapi mpaka muangalie nia? Yule hajawahi kuingia hata kwenye benki. Na mkimaliza, akaelewa alichokiponda ni kitu gani, atashika ibumba tena?"

Nasma alilifungua daftari. Alikuwa amejiuliza hayohayo barabarani.

"Niache mimi," Pasikali alisema. "Mimi ndiye niliyefungua mlango. Hilo ni kweli."

"Siwezi kuandika uongo."

"Basi andika kweli. Mimi nitasema ya kwangu."

Nasma aliandika. Kurasa tano, mpaka mkono ukauma: viroba viwili, kisogo kisicho na matete, chembe shingoni, siku za simu na maana yake. Winnie aliambatisha ukurasa wake, akisema anadhani, na kwamba hawezi kuthibitisha kabla ya vipimo. Mwendesha mashtaka alisoma yote asubuhi, nje ya mahakama, amesimama. Alisoma kwa makini na hakuharakisha.

"Ni kazi nzuri, Mkaguzi. Akikana, hii inamtoa. Mimi mwenyewe nitaomba shauri liahirishwe, vipimo vifanyike, bibi aje atoe ushahidi kama shahidi tu."

"Na asipokana?"

Mwendesha mashtaka alikunja karatasi. "Mwambie akane."

Alimwambia. Alimwambia kwenye korido, akamwambia tena wakati askari anamfungua pingu. Pasikali alisikiliza kwa adabu.

Mahakamani mlikuwa na watu wachache. Mwalimu Evaristi alikaa benchi la nyuma na Winnie. Yusta alikaa peke yake karibu na dirisha. Karani alisoma shitaka polepole, na hakimu, mwanamama mwenye sauti ya chini, alimuuliza mshitakiwa kama ameelewa.

"Nimeelewa, mheshimiwa. Ni kweli."

"Ni kweli nini?"

"Nilichukua. Nilitaka kuuza. Nilipoona mambo yamekuwa makubwa, nikaponda nikatupa mtoni."

Mwendesha mashtaka alimtazama Nasma, kisha akasimama na kusema kwamba upelelezi umepata maelezo tofauti, na angeomba mahakama imsikilize Mkaguzi. Hakimu aliruhusu. Nasma alisema kwamba kwa ushahidi alioukusanya mshitakiwa hakuiba, na hakuponda yeye.

"Aliponda nani?"

Nasma aliona mikono ya Yusta juu ya kitenge chake. Aliona Japhet akiangalia sakafu.

"Mtu ambaye hakujua ni kitu gani, mheshimiwa. Yumo kwenye maelezo yangu."

Hakimu alipokea zile kurasa. Alizisoma zote huku watu wamekaa. Kisha alivua miwani, akamgeukia Pasikali, akamweleza kwa maneno mepesi kwamba hayo aliyoyakiri yanamfunga, na kwamba kuna maelezo yanayoweza kumwachia. Anaweza kubadili jibu lake sasa hivi. Hakuna atakayemlaumu.

"Afande ananionea huruma," Pasikali alisema. "Bibi aliyeandikwa humo ni mzee, akiulizwa kitu chochote anakubali. Ukimuuliza kama aliponda mlima, atasema ndiyo. Ni mimi, mheshimiwa."

"Daktari wa mambo ya kale yupo?"

Winnie alisimama. Hakimu alimuuliza kama anaweza kuapa kwamba chembe zile ni za kichwa kilichopotea. Winnie alishika mgongo wa benchi la mbele yake.

"Naamini hivyo," alisema. "Kuapa, siwezi. Bado."

Hakimu aliuliza mara ya tatu. Pasikali alijibu vilevile, na safari hii sauti yake ilikuwa imara kuliko mara mbili za kwanza. Alihukumiwa kifungo cha miaka miwili. Aliambiwa haki yake ya kukata rufaa, akashukuru.

Alipopitishwa mbele ya Nasma alisimama kidogo. "Usirudi kwake, afande. Nakuomba." Askari akamgusa bega, wakatoka.

Nje, gari la mahabusu lilikuwa limeshawashwa. Yusta alisimama ukutani mpaka lilipoingia barabara kuu na kupotea, ndipo akaja aliposimama Nasma. Alikuwa ametembea tangu alfajiri na viatu vyake vilikuwa na vumbi jekundu mpaka kwenye vifundo.

"Miwili ni mpaka mwezi wa nane wa mwaka ule mwingine," alisema.

"Akikaa vizuri atapunguziwa. Na anaweza kukata rufaa. Vipimo vikitoka nitakuja mwenyewe kukuambia."

"Hatakata." Yusta alifunga kitenge upya kiunoni. "Nitamwambia mama kazi ya Kigoma imeongezwa mkataba. Kwamba wamempeleka mbali zaidi, simu haishiki. Atakubali. Lakini wewe unapita Busunzu mara kwa mara kwa kazi zako, na yule sasa amekushika sura. Atakuuliza."

Nasma aliangalia jengo la mahakama, ambako kurasa zake tano zilikuwa zimekwisha kutiwa kwenye jalada na jalada kufungwa.

"Akikuuliza, utasema nini?" Yusta alimuuliza.

"Nitasema nimemwona Kigoma," Nasma alisema. "Nitasema ni mzima, na anasalimia."